Kamera Ugenini: Mwongozo Kamili kwa Mpiga Picha Anayeishi Nchi ya Watu

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe akalime. Mpiga picha aliyehamia nchi nyingine kwa kazi, masomo au ndoa yuko katika siku hiyo ya tatu. Si mtalii tena: ana ufunguo wa nyumba, anajua siku ya kutoa taka, anajua basi la mwisho linapita saa ngapi. Wala bado si mwenyeji, kwa sababu anayaona yale ambayo wenyeji wameyazoea hadi hawayaoni tena. Hapo katikati ndipo picha nzuri zilipo, na mwongozo huu ni wa mtu aliye hapo.

Mtalii ana siku nne. Mvua ikinyesha tatu kati ya hizo, imekula kwake. Wewe unaweza kurudi. Ukigundua leo kwamba mwanga wa daraja fulani utakuwa mzuri zaidi mwezi wa pili, unaandika kwenye daftari, na mwezi wa pili ukifika unakwenda. Karibu kila hatua hapa chini imesimama juu ya neno hilo moja: kurudi.

## Hatua ya 1: Maliza habari za karatasi kabla ya kufungua begi la kamera

Anza na viza yako. Isome mstari kwa mstari, hasa panapotajwa kazi. Viza ya utalii kwa kawaida haimruhusu mtu kufanya kazi ya malipo, na kupiga picha za harusi ya rafiki wa rafiki kwa bahasha ndogo ni kazi ya malipo. Viza ya masomo mara nyingi huweka kikomo cha saa za kazi. Kibali cha ajira kinaweza kukufunga kwa mwajiri mmoja tu. Kama unataka kuuza picha, uliza mapema utaratibu wa kujiandikisha kama mtu anayejitegemea, na uliza kodi inalipwaje. Ni heri kuuliza mwezi wa kwanza kuliko kuulizwa mwaka wa tatu.

Kwa wanaoishi Ulaya: ukiwa na kibali cha ukaazi cha nchi moja ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, unaweza kutembelea nyingine kwa siku 90 ndani ya kila siku 180. Hesabu hiyo husogea kila siku, haianzi upya Januari. Weka kalenda ya siku ulizotumia.

Kisha vifaa. Andika orodha ya kila kamera na lenzi pamoja na namba yake ya utambulisho iliyochongwa chini au pembeni, piga picha risiti, na hifadhi nakala kwenye barua pepe yako. Orodha hiyo inafanya kazi tatu: forodha wakiuliza kama umenunua vitu huko utokako, bima wakitaka ushahidi, na polisi wakikuta kitu chako kwa mwizi. Ukivuka mpaka na vifaa vingi vya kazi kwa safari ya muda, kuna hati iitwayo kaneti ya ATA, iliyotokana na mkataba wa mwaka 1961, ambayo inakuwezesha kuingia na kutoka navyo bila kulipa ushuru katika nchi zinazoitambua. Hudumu hadi mwaka 1. Kwa kamera moja na lenzi mbili huihitaji. Kwa masanduku ya taa na stendi, unaihitaji.

Bima ya nyumba au ya safari mara nyingi huweka kiwango cha juu kwa kitu kimoja, na kiwango hicho kikawa chini ya thamani ya lenzi yako. Soma sehemu hiyo kabla ya kuweka saini.

## Hatua ya 2: Beba kidogo

Hapa nina msimamo, na miaka ya kutembea imeuimarisha: kwa mji unaoishi, kamera moja na lenzi moja ya milimita 35 au 50 inatosha kwa siku nyingi. Begi zito linakufanya urudi nyumbani saa nane mchana, na mwanga mzuri unakuja jioni. Lenzi ya pili, kama ni lazima, iwe ndefu kidogo, milimita 85 hadi 135, kwa ajili ya kuvuta minara na kubana milima nyuma ya mji ionekane karibu.

Ongeza stendi nyepesi, betri 2 za akiba, memori kadi 2 ndogo badala ya moja kubwa, kitambaa cha kufutia lenzi, na mfuko wa plastiki unaofungika. Mfuko huo utauona umuhimu wake ukihamia nchi ya baridi. Kamera iliyokaa nje kwenye baridi kali, ukiiingiza ghafla ndani ya nyumba yenye joto, unyevu wa hewa hugeuka matone juu ya kioo na hata ndani ya mwili wa kamera. Dawa yake ni rahisi: ukiwa bado nje, tia kamera ndani ya mfuko, funga, kisha ingia. Iache humo saa moja au mbili hadi ipate joto la chumba. Matone yatatua juu ya plastiki. Toa memori kadi kabla ya kufunga ili usipate kishawishi cha kufungua mapema. Betri nazo huishiwa nguvu haraka kwenye baridi, kwa hiyo ya akiba ikae mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili.

Kwenye ndege, betri za akiba za lithiamu hukaa kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye mzigo unaoingia chini. Kiwango kinachokubalika kwa kawaida ni saa-wati 100 kwa betri moja, saa-wati ikiwa kipimo cha nishati inayobebwa na betri. Kati ya 100 na 160 unahitaji ruhusa ya shirika la ndege. Kupata hesabu, zidisha volti kwa ampea-saa. Betri yenye volti 7.2 na mAh 2,280 (ampea-saa 2.28) ni 7.2 × 2.28, yaani saa-wati 16.4, iko mbali kabisa na kikomo. Ziba ncha za chuma kwa utepe wa gundi ili zisigusane na funguo.

## Hatua ya 3: Mwezi wa kwanza, chora mzunguko wako

Usikimbilie vivutio. Chukua ramani, weka alama nyumbani kwako, kisha chora mzunguko wa kutembea kwa miguu usiozidi dakika 40. Upite penye maji kama yapo, penye soko au kituo cha usafiri, penye mwinuko, na penye mtaa wa kawaida wa watu kukaa. Utembee mzunguko huo mara tatu kwa wiki, kila mara saa tofauti. Wiki ya kwanza acha kamera nyumbani, beba daftari.

Unachoandika ni mambo ya aina hii: ukuta wa matofali pembeni mwa reli unapata jua kuanzia saa mbili asubuhi kwa dakika 20 tu. Wazee wanne hukaa benchi la tatu kila Jumatano. Maji ya mto hutulia kabla upepo wa adhuhuri haujaanza. Baada ya mvua, dimbwi mbele ya duka lililofungwa hubeba taa nyekundu ya barabarani. Sentensi kama hizi ndizo hazina yako, na mtu anayekaa hoteli siku nne hawezi kuzipata.

Usidharau hata dirisha lako. Mpiga picha André Kertész, mzaliwa wa Budapest, aliishi Paris kisha New York, na kuanzia mwaka 1952 alikaa ghorofa ya 12 juu ya Washington Square. Kutoka hapo alipiga bustani ile kwa miaka mingi: matawi meusi juu ya theluji, mtu mmoja akikatiza, nyayo. Alikuwa mgeni, dirishani pake, akirudia kitu kilekile hadi kikawa chake.

## Hatua ya 4: Jifunze jua la mahali ulipo

Hili ndilo jambo ambalo mhamiaji hulikosea zaidi, kwa sababu mwili wake umezoea jua la kwao.

Anga huonekana kuzunguka digrii 15 kwa saa, popote duniani. Lakini kwenye ikweta, mahali kama Quito au Singapore, jua hushuka karibu wima. Siku ambazo usiku na mchana ni sawa, yaani mwezi wa Machi na Septemba, jua likiwa digrii 6 juu ya upeo wa macho unabakiwa na dakika 24 hivi kabla halijagusa upeo. Kwenye latitudo ya nyuzi 60 kaskazini, mahali kama Helsinki au Oslo, jua huteleza kwa mshazari, na digrii hizohizo 6 huchukua dakika 48. Ule mwanga wa dhahabu wa jua lililo chini, ambao kwenye ikweta unakupa nafasi ya kupiga eneo moja, kaskazini unakupa nafasi ya kupiga maeneo mawili na kutembea katikati yake. Aliyehama kutoka kaskazini kwenda ikweta hukuta giza limeingia angali anafungua stendi.

Hayo ni ya Machi na Septemba. Mwishoni mwa Desemba, kwenye nyuzi hizo 60 kaskazini, jua la saa sita mchana liko digrii 6 au 7 tu juu ya upeo. Maana yake, siku ikiwa na anga safi, mwanga wa dhahabu unakaa mchana kutwa, kwa saa zile chache ambazo jua lipo. Nimeona wapiga picha wakifungia kamera kabatini kwa sababu ya baridi katika majira ambayo mwanga ni mtamu kuliko mwaka mzima. Vaa soksi mbili, toka nje.

Mahali jua linapochomoza nako kunahama. Kwenye ikweta linahama kama digrii 47 kati ya Juni na Desemba. Kwenye nyuzi 60 linahama zaidi ya digrii 100, kutoka kusini-mashariki hadi kaskazini-mashariki. Kuta zinazotazama kaskazini, zilizokaa kivulini tangu ulipohamia, zitawaka Juni asubuhi mapema. Kwa hiyo unapoandika kwamba mahali fulani hapana mwanga, andika na mwezi.

Kuna miji ambako jambo hili limekuwa sikukuu. Mitaa ya Manhattan imepinda digrii 29 kutoka kaskazini halisi, na kwa sababu hiyo jua la jioni hulingana na barabara zake mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Mei na katikati ya Julai. Kwenye hekalu la Abu Simbel nchini Misri, miale ya asubuhi hupenya hadi chumba cha ndani karibu na tarehe 22 Februari na 22 Oktoba. Mji wako nao una barabara iliyonyooka. Shika dira, pima inaelekea wapi, kisha tafuta kwenye programu ya jua na mwezi ni tarehe gani jua litazama mwisho wa barabara hiyo. Yaelekea hakuna mwingine atakayekuwa amesimama hapo siku hiyo.

Mwezi mpevu nao una hesabu yake. Huchomoza karibu na wakati jua linapozama, na kila siku huchelewa kwa wastani wa dakika 50. Usiku wenyewe wa mwezi mpevu, mwezi ukipanda vya kutosha mbingu imekuwa nyeusi mno, na unatokea kama tundu jeupe lililoungua. Toka siku moja kabla. Mwezi utakuwa tayari juu ya mapaa wakati anga bado ni bluu na taa za mji zimewashwa, na vyote vitatu vitaingia kwenye fremu moja bila kupigana.

## Hatua ya 5: Vivutio vikubwa, nenda mara tatu

Mnara, hekalu au kasri ambalo dunia nzima imelipiga picha usilikwepe. Halikupata sifa bure. Ila usiende mara moja.

Mara ya kwanza nenda kama mtu mwingine yeyote, mchana, katikati ya msongamano. Panga foleni, panda ngazi, sikiliza maelezo. Piga ile picha ya kadi ya posta ambayo kila mtu anaipiga, uitoe moyoni. Siku hiyo kazi yako ni kujibu swali moja: jengo linatazama wapi? Sfinksi ya mji wa Giza, Misri, inatazama mashariki, kwa hiyo uso wake ni wa asubuhi. Angkor Wat ya Kambodia, tofauti na mahekalu mengi ya Wakhmer, inatazama magharibi. Macheo yake maarufu ni ya kivuli, minara myeusi mbele ya anga jekundu, na anayetaka kuona nakshi za mbele zikiwaka inabidi aende alasiri. Jibu la swali hili moja linaokoa safari nyingi.

Mara ya pili nenda kwa ajili ya mwanga, alfajiri kama panaruhusiwa au jioni nje ya geti. Kwa ile nusu saa ya anga la bluu baada ya jua kuzama, weka kamera kwenye stendi, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 100, tundu la lenzi f/8, uache lenzi wazi kwa kuanza na sekunde 4 kisha uongeze kadiri giza linavyoingia hadi 15 au 20. Zima kitulizi cha lenzi, kile kinachopunguza mtikisiko wa mkono, tumia kipima muda cha sekunde 2 ili kidole chako kisitikise kamera. Stendi ikikatazwa, egemea nguzo, toa pumzi, piga fremu tano mfululizo kwa 1/15 ya sekunde. Mojawapo huwa imetulia.

Msongamano ukikukera, kuna njia mbili. Ya kwanza, piga fremu 12 hadi 15 kutoka sehemu ileile, moja kila baada ya sekunde 20, kisha programu ya kuhariri itazilinganisha na kubakiza kile tu kilichotulia. Watu waliokuwa wakitembea hutoweka. Ya pili ni kichujio cheusi cha stopu 10 (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu), ambacho hugeuza 1/60 ya sekunde kuwa sekunde 17 hivi, na wapitaji wakawa moshi mwepesi. Mimi siku hizi nawaacha watu. Uwanja mtupu wa mahali ambapo maelfu hupita kila siku unakosa kitu.

Mara ya tatu, lipe jengo mgongo. Tazama kinachotokea mbele yake: walinzi wakibadilishana zamu, mtoto aliyelala begani kwa baba yake, fundi akibadilisha taa. Au ondoka kabisa, vuka mto, panda kilima, litafute likiwa dogo kati ya nguo zilizoanikwa kwenye mapaa ya watu. Hii ndiyo picha ambayo mwenyeji akiiona atasema, hapa ni kwetu.

Usisahau kusoma masharti ya kila mahali kabla ya kwenda. Kwenye Kanisa Dogo la Sistina, Vatikani, picha haziruhusiwi kabisa, na Nyumba ya Anne Frank iliyoko Amsterdam vivyo hivyo. Makumbusho ya Louvre, Paris, huruhusu kamera lakini si flashi wala stendi katika kumbi zake. Taj Mahal ya India hufungwa Ijumaa kwa watalii, stendi hairuhusiwi, na ndani ya kaburi kuu hupigi picha. Mke wa Shah Jahan, mfalme aliyelijenga, amelala humo. Kumbukumbu hiyo peke yake ingetosha kumfanya mtu ashushe kamera.

## Hatua ya 6: Watu, na picha inayorudi kwa mwenyewe

Jifunze sentensi tatu za lugha ya huko kabla ya neno lolote lingine: salamu kamili ya asubuhi, "Naweza kukupiga picha?", na "Nitakuletea yako." Zitamke hadi ulimi uzoee. Kuinua kamera na kuonyesha kwa kidole si kuomba ruhusa.

Kwenye kituo cha treni karibu na nilipokuwa nimepanga, palikuwa na mama aliyefagia ngazi kila alfajiri. Ufagio wake ulikuwa wa nyuzi za plastiki za kijani, zimepinda upande mmoja kwa kutumika. Taa ya ukutani ilimpiga kutoka juu, vumbi likapanda hadi magotini kisha likatulia. Wiki mbili nilimsalimia tu. Wiki ya tatu nikaomba. Aliegemeza ufagio kwenye chuma cha ngazi, akafuta viganja kwenye aproni, akavua kitambaa cha kichwa na kukifunga upya, ndipo akanitazama. Nilipiga fremu mbili. Alhamisi iliyofuata nilimpelekea picha ya karatasi, sentimita 10 kwa 15. Akaitia mfukoni, akapanda ngazi nne, akaitoa tena akaitazama, akageuka kuuliza kama naweza kumpa nyingine ya kumtumia mwanawe. Na akanionyesha mlango wa upande wa magharibi, akaniambia mwezi wa kumi jua huingia pale na kushuka ngazi zote hadi chini. Nilirudi mwezi wa kumi. Lilishuka.

Kwa hiyo weka fungu la fedha la kuchapisha picha ndogo, na uwe na bahasha iliyoandikwa majina au alama za wenyewe. Ukiahidi kupeleka, peleka. Mtaa mzima hujua ndani ya mwezi kama wewe ni mtu wa ahadi au la, na anayefuata ataamua kulingana na hilo.

Mtu akikataa, shukuru na uondoke. Asipokataa lakini ukaona amekaza mabega, hiyo pia ni hapana. Watoto usiwapige bila mzazi kuridhia. Mtu aliyelala nje, mgonjwa, mfiwa: jiulize kama ungetaka picha ya ndugu yako katika hali hiyo ikae kwenye ukuta wa mgeni.

## Hatua ya 7: Sheria za picha

Sheria ya kupiga na sheria ya kuchapisha ni vitu viwili. Ujerumani, kwa mfano, ina sheria tangu mwaka 1907 inayotaka ridhaa ya mtu kabla picha yake haijachapishwa, ingawa kuna nafasi kwa mikusanyiko ya hadhara na watu wanaoonekana pembeni tu ya mandhari. Marekani, ukiwa mahali pa umma, una uhuru mpana wa kupiga kinachoonekana. Falme za Kiarabu, kumpiga mtu picha bila ruhusa yake kunaweza kukufikisha mahakamani. Hakuna kanuni moja ya dunia nzima, kwa hiyo tafuta ya nchi unayokaa na uisome katika chanzo rasmi.

Majengo nayo yana hakimiliki. Mnara wa Eiffel wa mwaka 1889 wenyewe ni huru, kwa kuwa Gustave Eiffel alifariki 1923 na muda umekwisha. Lakini taa zake za usiku zinahesabiwa kuwa kazi ya sanaa yenye mwenyewe. Picha ya kumbukumbu yako haina shida. Kuiuza kwa tangazo la biashara kunahitaji kibali.

Kambi za jeshi, vituo vya polisi, mipaka na viwanja vya ndege, acha kamera begini. Droni zina sheria zake: Umoja wa Ulaya unamtaka mwendeshaji ajiandikishe ikiwa droni ina kamera au uzito wa gramu 250 na kuendelea, isipokuwa vile vya kuchezea watoto, na Moroko hairuhusu hata kuingia nayo bila kibali. Usiipakie kwa mazoea.

Ukikusudia kuuza picha ya mtu anayetambulika kwa matangazo, awe ameweka saini fomu ya ridhaa, iliyoandikwa kwa lugha anayoisoma.

## Hatua ya 8: Kila usiku, kabla ya kulala

Nilishawahi kupoteza picha za miezi mitano. Zilikuwa kwenye diski moja ya nje, juu ya meza ndogo. Waya ulinaswa na kiti, diski ikaanguka, na ilipowashwa tena ilitoa mlio wa kugonga. Picha za majira yangu ya kwanza ya baridi ugenini zilikuwa humo, na majira ya kwanza hayarudiwi.

Tangu hapo nafuata kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa mbali na nyumba. Memori kadi inaingia kwenye laptopu, kisha kwenye diski ya nje, kisha zile nilizozichagua zinapanda hifadhi ya mtandaoni usiku. Kadi haifutwi hadi nakala zote zithibitike zinafunguka. Ukisafiri, diski isikae begi moja na laptopu. Intaneti ikiwa dhaifu, acha diski ya pili kwa rafiki wa mji mwingine na mbadilishane kila mkionana.

Taja folda kwa mwaka, mwezi, siku, kisha mahali, ili zijipange zenyewe. Na rekebisha saa ya kamera siku ile ile unayobadilisha nchi. Baada ya miaka miwili utataka kujua jua lilikuwa wapi saa ngapi, na saa ya nchi nyingine haitakusaidia.

## Hatua ya 9: Chagua kwa mkono mzito

Mpiga picha Robert Frank, mzaliwa wa Zurich aliyehamia Marekani mwaka 1947, alizunguka nchi hiyo kwa gari katikati ya miaka ya 1950 akapiga karibu fremu 28,000. Kitabu kilichotoka humo kina picha 83. Kwa kila picha moja iliyobaki, zaidi ya 300 ziliachwa.

Mwisho wa kila mwezi, toa picha 10 tu. Zichapishe ndogo, zipange mezani, ziache siku tatu. Ile unayoipita bila kuitazama, iondoe. Baada ya miezi sita utakuwa na 60 au pungufu, na hapo utaona jambo ambalo hukulipanga: pengine umekuwa ukipiga milango, au mikono, au watu wakisubiri. Huo ndio mradi wako. Uupe jina, na kuanzia hapo toka nyumbani ukiutafuta.

Ukifikia kuuza, mradi kama huo una nafasi zaidi kuliko picha moja moja za minara, ambazo ni za kila mtu. Waonyeshe kwanza watu wa mtaa wenyewe: maktaba, ukumbi wa mtaa, mgahawa wenye ukuta mtupu. Mpiga picha Brassaï aliingia Paris mwaka 1924 akitokea mji wa Brassó, ambao leo ni Brașov nchini Romania, akatembea usiku baada ya usiku, akipima muda wa kuacha lenzi wazi kwa sigara iliyokuwa ikiungua mdomoni. Picha zake za usiku zikawapendeza watu waliokuwa wamezaliwa hapohapo, kwani ule ukungu chini ya taa walikuwa wakiupita kila siku.

## Hatua ya 10: Wiki ya mwisho

Mkataba ukiisha, au masomo, au moyo ukikuambia basi, tenga wiki moja kabla ya kufunga masanduku. Peleka picha zote zilizobaki kwenye bahasha kwa wenyewe. Halafu chukua daftari la mwezi wa kwanza, tembea ule mzunguko wa dakika 40 kwa saa zilezile ulizoandika, na lenzi ileile. Simama pale uliposimama. Piga ukuta wa matofali saa mbili asubuhi, benchi la tatu siku ya Jumatano, dimbwi kama mvua imenyesha. Mmoja wa wale wazee wanne huenda hayupo. Piga benchi hivyohivyo, na uandike tarehe.